Televisheni Iliyofunikwa Kanga

Kimbelembele kimeniponza, jamani! Mimi ndiye mwalimu wa kisomo cha watu wazima hapa Kirongwe. Nilisoma gazetini kwamba Ulaya wanatengeneza televisheni nyembamba, ya kutundikwa ukutani kama picha. Juzi vyombo vya bibi harusi wa jirani vikaletwa kutoka Unguja, kimojawapo kipana, chembamba, kimefunikwa kanga. Unguja si wana televisheni? Nikatangaza darasani kwamba televisheni imefika!

Alasiri watu wakajaa ukumbini kwa jirani, na mikeka yao. Bi Zuhura, somo na kungwi wa bibi harusi, akakikingia mgongo kile kitu.

"Mwalimu, vyombo vya bibi harusi havifunuliwi kabla ya siku yake."

"Mnaona?" nikawaambia wanafunzi wangu. "Anatuficha! Shikamoo, Bi Zuhura, lakini huu ni ujamaa. Kizuri ni cha wote!"

"Marahaba. Haya, tazama, uridhike."

"Kimya!" nikapaza sauti. "Lazima ipate moto kwanza, ndipo picha itokee!"

Akavuta kanga. Picha ikatokea papo hapo, safi, ya rangi, bila hata umeme: mimi, mdomo wazi, na nyuma yangu Kirongwe nzima ikiangua kicheko, ndani ya kioo cha bibi harusi.