Mchungaji Aliyetupa Mgongo

Mwanangu, ipo siku moja ambayo bado naiona, miaka ile ya hamsini, nikiwa bibi arusi mpya hapa Kimilili. Mmishenari alikuja na kamera kutoka Kitale. Alitaka kutengeneza sinema ya kuzaliwa kwa Yesu, na watu wawe sisi wenyewe.

Akanichagua mimi niwe Mariamu. Yusufu, akataka mwenye ndevu, na ndevu nzuri kanisani zilikuwa za baba mkwe wangu. Sasa wewe unajua kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawashikani mikono wala hawakai kiti kimoja. Kanisa zima lilijua. Lakini kumwambia mgeni hapana? Tukaitikia ndiyo, sote, na baba mkwe pia. Mimi sikulala vizuri wiki ile. Niliona aibu yangu ikitembezwa kwenye sinema mpaka Bungoma.

Siku ikafika. Mume wangu ndiye aliyeshika kamba ya punda. Mmishenari akasema, "Yusufu, mshike mkono apande."

Baba mkwe akasimama pale pale, hakunyosha mkono. Nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia.

"Bwana, siwezi shika huyu mkono," akasema polepole. "Huyu ni bibi ya kijana yangu. Yusufu hakutaka Mariamu aaibike. Hata mimi sitaki."

Mmishenari akateremsha kamera. "Mbona hamkuniambia?"

"Si umetoka mbali, Bwana. Tuliogopa kukuvunja moyo."

Yule mzungu akaona haya, akaomba radhi. Mume wangu akawa Yusufu, akabandikwa ndevu za manyoya ya kondoo, zikamwasha siku nzima. Baba mkwe akaenda kusimama na wale wachungaji wa kondoo.

Sinema ilipoonyeshwa Kitale, kwenye shuka ukutani, watu walicheka: mbona mchungaji mmoja amempa mtoto mgongo? Mimi sikucheka. Mle kwenye sinema nilikuwa nimeketi na mtoto mapajani, na mchungaji yule, baba mkwe, kwa heshima hakutaka kunitazama mbele ya watu. Machozi yalinitoka.

Basi, mwanangu, usimfiche mgeni ukweli kwa kumwonea haya. Mwambie mapema, kwa upole, naye ataelewa. Na ukipewa nafasi ya mbele ambayo itamwaibisha mwenzako, rudi nyuma, hata wakikucheka. Mungu akupe watu wa kukusitiri kama nilivyositiriwa mimi, na nyumba yako isikose mzee wa namna ile.