Maboga ya Bwana Roy

Baruti ikichanganyika na boga bichi lililopasuka hutoa harufu kali yenye utamu ndani yake, na mpaka leo nikiikumbuka tu mwili unanisisimka. Niliinusa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na minne, tulipokuwa tukiishi Shively, mwaka wetu wa pili Marekani baada ya maisha ya kambini Tanzania. Bwana Roy, aliyepakia mizigo pamoja na Baba ghalani, alikuwa na shamba nje ya mji. Kila Novemba, Halowini, sikukuu ambayo Wamarekani huchonga maboga, ikishapita, aliyapanga maboga yaliyokosa wanunuzi chini ya kilima na kuyalipua kwa bunduki kubwa, yenye risasi nene kama kidole gumba. Akatualika. Nilikosa usingizi kwa hamu.

Kazi ilikuwa kwa Mama. Milio ya bunduki ndiyo iliyomtoa Burundi, mimi nikiwa mgongoni, na hata fataki za sikukuu ya uhuru wa Marekani, Julai, zilimfanya atukusanye bafuni na kufunga mlango. Lakini Baba alipomweleza, hakuulizia bunduki kabisa.

"Baba Aline, yaani chakula mnakipiga risasi? Kimewakosea nini?"

Walibishana siku tatu, nami nikawa naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa ili nisikie. Mwishowe akatoa sharti. Atakuja, kila boga litapigwa risasi moja tu, na litakalokoswa ni lake. Alibeba magunia matatu.

Baba alianza. Mlio ule niliusikia kifuani kabla ya masikioni, licha ya viziba masikio tulivyopewa. Nikageuka. Mama alikuwa amechutama kwenye nyasi, mikono kichwani. Nikajua safari imekwisha, nikamchukia kidogo, na naona aibu kulisema hilo hata leo. Kisha akainua kichwa, akachungulia kilimani, akaliona boga limekaa palepale.

"Kakosa! Hilo langu!"

Tulicheka mpaka Bwana Roy, asiyejua neno la Kiswahili, akacheka nasi. Baba alikosa tena, akakosa la tatu, na kufikia hapo Mama alikuwa wima, mikono kiunoni, akiuliza kama hakuna mengine.

Zamu yangu ikafika. Nilipewa boga kubwa kuliko yote, lile ambalo Mama alikuwa amelipigia mahesabu ya sufuria tangu tufike. "Ee Mungu, leta upepo!" aliomba kwa sauti. "Mama, acha bwana!" Nikalala kifudifudi nyuma ya bunduki, Bwana Roy akapiga goti kando yangu, akanirekebisha bega. Nikatoa pumzi taratibu, nikavuta kifyatulio. Boga halikuanguka, lilitoweka! Vipande vya rangi ya chungwa vikapaa juu, na hata vilipokuwa bado vinanyesha nikasikia vigelegele. Ni Mama, boga limempotea, anarukaruka na kitenge kinamvuka. "Mwanangu! Mwanangu kapiga!" Sijawahi kushangiliwa vile tena, si shuleni, si harusini kwangu. Maboga ya Baba tuliyala na maharage mpaka Krismasi. Yalikuwa chapwa, na Mama hakukubali kamwe.

Sasa naishi Westerville, mji mwingine wa Marekani, bunduki ninayo, na Mama amehamia Buffalo kwa kaka yangu. Novemba iliyopita alikuja kututembelea. Nikaitoa bunduki, nikamwalika binti yangu wa miaka tisa twende shamba moja nje ya mji akaone nikilipua maboga. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba shuleni huwa wanafundishwa kujificha kimya gizani, ili mtu akivamia shule na bunduki asiwapate, na mlio ule hataki kuusikia hata kwa mchezo. Nikaanza kumbembeleza, ni furaha tu, utaona mwenyewe. Mama akanikatiza.

"Mwache, Aline. Mimi nilikimbia nikafika hapa. Huyu kazaliwa hapa, akimbilie wapi?"

Niliirudisha bunduki kabatini nikafunga kwa ufunguo, na hamu yangu yote bado ikiwa imenijaa.