Mapengo ya Kanda ya Baba

Ndiyo, Athmani, najua: dabu yenyewe ni wimbo uliokwisha chezewa. Fundi kamtoa mwimbaji, kabakisha ngoma, besi na mwangwi. Sasa ukiichezea tena kuna ubaya gani? Umeniuliza hivyo tangu mchana, wewe mtoto wa baba mdogo. Jibu naandika hapa.

Kanda ile ya baba inanuka sifa mpaka leo, yale mafuta ya papa ya kupaka mashua. Baba alikuwa akiicheza kwenye banda lake la kuundia mashua, kisiwani Chovai, sauti chini kabisa, mwaka ule watu wenye bunduki walipokataza muziki. Nilikuwa na miaka tisa. Baba na kaka yangu Omari walikuwa wakiziba nyufa za mashua kwa pamba, nyundo zikifuata ngoma, ta, ta, ta. Halafu kwenye kanda kila kitu kinakatika, kimya kirefu, na nyundo zinasimama. Baba anainua kidole. "Kuna mchu?" Tunasikiliza kama kuna mtu, kama kuna injini baharini. Hakuna. Ngoma inarudi, nyundo zinarudi. Omari ananitania: "Wee Mwanaisha, masikio hayo ndiyo maana tunakulisha."

Mimi nilichoka na kanda isiyo na mtu wa kuimba. Siku baba alipokwenda bara kutafuta mbao, niliitoa nikaweka ya nyimbo za harusi. Omari akacheka. "Haya, bibi harusi, upande mmoja tu." Nyimbo zile hazikuwa na pengo hata moja. Injini hatukuisikia. Tulisikia viatu. Walimchukua Omari pamoja na redio, na hajarudi. Kanda ya baba niliirudisha kwenye kopo lake, sikusema kitu.

Rimiksi yako tamu, sikatai. Besi imenona, hata kichwa nilitikisa. Lakini kila pengo umelijaza kinanda na sauti ya msichana. Leo ulipomsikilizisha baba, aliinua kidole akangoja, kidole kikabaki hewani. Ukacheka: "Ami, unacheza?" Hapa Kismayu bajaji zinapiga kelele kutwa, nani anasikiliza injini? Yeye bado anasikiliza. Na bado anasema, "Omari hakuwa makini."

Kesho unataka kuondoka na kanda uende ukaimalizie Mombasa. Huondoki nayo. Asubuhi naitoa kwenye begi lako, naiweka kwenye redio mbele ya baba. Pengo la kwanza likifika, akiinua kidole, nitamwambia nani alibadilisha kanda siku ile.