Mstari Ambao Muhuri Hakuruhusiwa Kuuandika

Mume wa marehemu dada yangu alikuwa karani wa masijala kwa miaka thelathini na mmoja, na ofisi nzima ilimwita Muhuri. Kila barua iliyotoka ilipitia mezani kwake, na palipoandikwa "Imetoka" alijaza yeye, si aliyeileta. Mkurugenzi mmoja alipotaka barua yake ionekane imetoka idara nyingine, Muhuri alimrudishia bila kuinua macho. "Ndani andika utakacho, bwana. Hapa juu ni pangu." Leo nani anajua masijala ni kitu gani? Watu wanadhani barua huzaliwa ndani ya simu.

Alipostaafu alijifunza kompyuta peke yake, kama nilivyojifunza mimi kila ninachokijua: kwa vitabu visivyo na majalada, na kwa ukaidi. Akawa anaandika programu ndogo ndogo sebuleni, kompyuta ikiwa juu ya meza ya cherehani ya dada.

Dada alikuwa msomaji wa matangazo redioni. Jina la mtu aliyepotea alilisoma taratibu, kana kwamba anamfahamu. Sasa wanasoma kama wanaokimbizwa na mbwa. Alifariki miaka minne iliyopita, na nyumbani hapakubaki hata neno moja la sauti yake.

Ndipo Muhuri akagundua kwamba seva ya zamani ya kituo cha redio bado ina matangazo yake kumi na tisa. Akatengeneza ukurasa wenye kitufe kimoja cha kuyasikilizia, akaniita. Nilivaa shati safi, sijui kwa nini.

Akabonyeza. Seva ikakataa.

"Vipi tena, shemeji?"

"Inampa sauti anayetokea kwenye ukurasa wa kituo tu. Kila ombi lina mistari ya juu, kama bahasha: linakwenda wapi, limetokea wapi. Nimeandika limetokea kwao."

"Sasa?"

"Kivinjari, hii programu ya kufungulia kurasa, kimeutupa mstari wangu kimyakimya. Mistari mingine naiandika nitakavyo. Huu programu ya ukurasa hairuhusiwi kuugusa, ili tovuti ya tapeli isijifanye ya benki."

"Kumbe umekutana na karani mwenzako!"

Hakucheka. "Karani mzuri sana. Safari hii mkurugenzi ni mimi."

Nilimkumbusha kwamba zipo programu nyingine, nje ya kivinjari, zinazokubali kuandika chochote.

"Nazijua. Nimwendee mke wangu kwa bahasha ya kughushi?"

"Ni dada yangu pia!" nikafoka. "Kwa haki zako hizo za masijala tutafia hapa hatujamsikia!"

Tukanuniana wiki nzima, wazee wawili wenye mvi hadi masikioni.

Siku ya nane alipita kwangu amevaa koti, na barua mkononi. Nikamfuata mpaka kituoni. Fundi wa mitambo, binti mwenye vipokea sauti shingoni, aliisoma amesimama.

"Babu, ule ukurasa tuliufuta mwaka jana. Hakuna awezaye kutokea pale tena. Na hiyo seva tunaizima Ijumaa."

"Na sauti zilizomo?"

"Hakuna aliyeziomba."

"Mimi naziomba."

Binti alimtazama, akaitazama barua: tarehe, kumbukumbu namba, sahihi, kila kitu mahali pake. "Sijawahi kupokea barua," akasema, akaipeleka kwa mkuu wake. Alirudi na ruhusa na kifaa kidogo chenye nakala zote. Nilimshukuru Muhuri kwa kumkanyaga mguu tu.

Muhuri akaziunganisha na kile kitufe chake, tukasikiliza siku ileile, mchana, sebuleni kwake, madirisha yamefungwa ili magari yasituingilie. Ilikuwa sauti yake hasa, na ile pumzi fupi kabla ya jina. Alimwita mwana wa fulani arudi nyumbani. Alimtafuta binti aliyevaa gauni la buluu. Aliwaita wajomba, wajukuu, mzee mmoja aliyetoka kwenda kununua misumari asirudi. Mpaka tangazo la kumi na tisa, watoto wa watu wote waliitwa. Sisi hatukutajwa hata mara moja.

Muhuri alibaki amekikodolea kitufe macho.

"Tulikuwa tunawahi mno kurudi nyumbani, shemeji," akasema. "Ningejua, ningepotea hata siku moja. Angenisoma."

Akabonyeza tena, tangu la kwanza.