Tope Juu ya Jeneza

Safari hii ilianza kwa sababu ya breki. Kaka yangu Rajabu alikuwa amenunua gari kuukuu kwa Mzungu mmoja wa shamba la mkonge, na kwetu Handeni hapakuwa na fundi wa kulitazama. Akaniomba nimsindikize Korogwe. Jambo jingine lilikuwa halijaamuliwa. Mkewe alitaka gari litiwe ile mipira inayoning'inia nyuma ya magurudumu kuzuia matope, kama magari ya serikali. Rajabu alisema ni urembo tu.

"Gari si bibi harusi," aliniambia tulipokuwa tukiondoka. "Nikifika Korogwe nitaamua."

Asubuhi, karibu na Sindeni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na ule udongo mwekundu ulikuwa umelegea kama uji. Mbele yetu tukaona wanaume wamebeba jeneza, wanakwenda kuzika. Rajabu akapunguza mwendo. Wenyewe wakasogea pembeni, wakatupa njia. Tulipowapita tu, gari likaanza kuzama. Rajabu akaogopa kukwama, akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka palepale kwa nguvu, kisha gari likachomoka.

Nikageuka kutazama. Shuka nyeupe iliyofunika jeneza ilikuwa nyekundu kwa tope. Wabebaji walikuwa wametapakaa hadi kwenye kope. Hakuna aliyepiga kelele. Walisimama na maiti wao mabegani, wakitutazama.

Rajabu alisimamisha gari, akashuka kwanza.

"Mwenye msiba ni nani?" aliuliza.

Mzee mmoja mwembamba akajitokeza, jina lake Mhina. "Ni mimi. Huyu ni mwanangu. Tumetoka kumwosha sasa hivi."

Rajabu akarudi garini, akatoa kwenye furushi lake kanzu nyeupe aliyoiweka kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Wakaiondoa ile shuka, wakaitandaza kanzu mahali pake.

"Usijitese, kijana," Mzee Mhina alimwambia. "Ng'ombe hupiga teke, gari hurusha tope. Ndivyo lilivyo. Njooni mtusaidie kuzika."

Tukaenda. Tulifukia kaburi pamoja nao, na hakuna aliyetutupia neno baya. Afadhali wangetutukana.

Alasiri, Korogwe. Tulivuka daraja la mto Pangani. Fundi, Kalasinga mwenye karakana karibu na stesheni, alitengeneza breki, akafuta mikono, akauliza kama kuna jingine.

"Weka na mipira ya kuzuia matope," Rajabu alisema.

Fundi akakata vipande viwili vya tairi kuukuu, akavitoboa, akavifunga kwa boliti. Mimi nilikuwa nimeagiza chai. Kazi ilipokwisha, chai yangu ilikuwa bado ya moto. Kumbe ni jambo dogo kiasi hiki.

Kesho yake tukarudi. Tulipofika Sindeni tukapita nyumbani kwa Mzee Mhina kuhani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmefanya vyema kupita."

Alitukaribisha uji, kisha akatusindikiza mpaka garini. Pale akainama, akashika kile kipande cha mpira nyuma ya gurudumu.

"Jana sikukiona hiki. Ni cha nini?"

Rajabu akanitazama mimi.

"Kinazuia tope, mzee," nilisema.

Alikishika kwa muda, akikigeuza.

"Kumbe kipo," alisema taratibu. "Nilidhani gari halina dawa ya jambo hilo."

Akatutakia safari njema, akaingia ndani. Tangu siku hiyo nimejua kuwa msamaha unaweza kutolewa na mtu asiyejua alichosamehe. Mzee Mhina alipokuja kujua, sisi wawili hatukuwa na uso wa kumwuliza kama bado ametusamehe.