Hatua Arobaini Hadi Baharini

Bi Saleha alimwita mnunuzi mwezi ukiwa na siku nane angani, siku za maji mafu, bahari ikiwa haina kishindo. Aliichagua siku hiyo makusudi. Angekuja wakati wa bamvua, maji yakijaa kupita kiasi, angekuta mawimbi yanagonga ukuta wa jiko, na hapo ungenunua wewe?

Miaka sita nyuma tajiri mmoja alimtajia milioni arobaini kwa nyumba hii ya ufukweni, naye akamcheka. Sasa aliomba nane tu, zimtoshe kibanda na ua kule mtaa wa Mabawa, mbali na bahari. Madalali watatu walishamkimbia. Huyu Bryson, mfanyabiashara wa machungwa wa Muheza, ndiye aliyebaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu upunge upepo."

Bryson alikagua vyumba, akagonga milango ya mninga, akatabasamu. Moyo wa Saleha ukamwenda mbio kama wa mwari. Akatoa hati ya kiwanja ya marehemu baba yake, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Bryson akaigeuza juu chini, chini juu.

"Hapa mimi ni kipofu, mama. Nisomee."

Saleha angeweza kusoma lolote alitakalo! Lakini kwenye chuo cha Kurani alikosomea utotoni, aliyeruka hata herufi moja alichapwa, na ulimi wake haukuwahi kuruka tangu hapo.

"Kaskazini, Uweso bin Nasri. Kusini, njia. Magharibi, kisima. Mashariki, kutoka mlangoni, hatua arobaini hadi baharini."

Akaifunika hati kwa kiganja, lakini neno lilikwisha kutoka. Bryson akaenda mlango wa nyuma, akaanza kuhesabu hatua. Ya kumi na moja ikamfikisha ukingoni. Chini yake ardhi ilikuwa imemegwa, mizizi ya minazi ikining'inia.

"Mama, ishirini na tisa ziko wapi?"

"Zimo humo," alisema Saleha, akionyesha maji.

Bryson hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Kiwanja sikitaki, mama. Mabati na milango nitakupa laki sita."

Laki sita hazinunui hata choo Mabawa. Saleha akamlaani mwalimu wake wa chuo, akaulaani ulimi wake, akailaani siku aliyomcheka yule tajiri. Machozi yalimtoka, asiyafute.

"Na mimi nilale wapi, mwanangu?"

Saleha akaikunja hati, akaitia kifuani.

"Basi lete gari kabla mwezi haujafika siku kumi na nne," alisema. "Bamvua likija, na hayo mabati hutayakuta."