Mfumo Haumtambui Mzima

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ana kichwa kigumu, na nasema hivyo kwa mapenzi. Tunafanya kazi karakana moja ya kushona mashati. Mimi natia vifungo, yeye ndiye mkaguzi wa mwisho. Hakuna uzi ulioachia ukampita, ndiyo maana tunamwita Jicho. Fundi akirudishiwa shati mara tatu hununa siku nzima, na Jicho wala hashtuki. Anakwambia mshono hukaguliwa ungali mzima. Ukishafumuka, huo si ukaguzi tena, ni msiba.

Mwaka juzi bima ya afya, ambayo zamani ilikuwa ya watu wa maofisini, ilifunguliwa hata kwa sisi wa karakana. Kadi zililetwa na muuguzi mmoja mchangamfu. Alituambia kila mwanamke aliyevuka thelathini apimwe shingo ya kizazi kabla hajasikia maumivu yoyote, kwa sababu saratani yake huanza kimyakimya. Wenzangu walikuwa wanachekana kwa picha zao kwenye kadi. Jicho hakucheka. Mama yake alikufa kwa saratani hiyohiyo, na alipofikishwa hospitali alikuwa hata kukaa hawezi. Aliniambia hataki kufa vile. Akaomba ruhusa kwa msimamizi, akavaa gauni lake la harusini, akaenda.

Karani wa mapokezi aliingiza namba ya kadi, akamuuliza anaumwa nini. Jicho akajibu haumwi. Karani akarudia swali, akidhani hakusikika.

"Sina ninapoumwa, dada. Nimekuja kupimwa."

"Lazima niandike ugonjwa, mama. Nikiacha wazi, mfumo unakataa."

Akarudishwa. Kipimo kilikuwepo, muuguzi alikuwepo, na bima ilikubali kulipia. Kilichokosekana ni maumivu. Tena tangu kadi zitoke wagonjwa wamejaa mpaka uani, nani ana muda wa kubishana na mtu asiye na homa?

Karakana nzima tulicheka mpaka machozi. Tukamwambia aseme tumbo la chini linamuuma, nani atafungua kuchungulia? Mimi mwenyewe nilimfundisha mpaka namna ya kushika kiuno. Akakataa katakata. Alisema huko ni kujichuria. Mama yake alianza kwa maneno hayohayo, naye hatayatamka kwa kinywa chake akiwa mzima. Nilikasirika. Nikamwambia ugonjwa hauna masikio. Akaniangalia kama anavyoangalia kola iliyopinda, akaendelea na kazi yake.

Alienda mara nne katika mwaka mmoja na nusu. Mara ya pili aliambiwa alete barua, na hakuna aliyejua barua ya nani. Mara ya tatu karani mwingine alimwonea huruma akamwandikia malaria. Akatobolewa kidole, akaambiwa hana malaria, akarudi na vidonge vya maumivu asiyokuwa nayo. Aliponisimulia tulicheka, kwa kweli tulicheka. Mara ya nne hakuulizwa mara mbili. Alikuwa anavuja damu.

Sasa kadi yake inafanya kazi vizuri. Inalipia kitanda, inalipia dripu, inalipia mionzi, na mfumo haujagoma hata siku moja. Kaka yangu alikuja karakana siku daktari alipomwambia wamechelewa. Alisimama mlangoni ameshika kofia, na sikuhitaji kuambiwa. Wiki ile niliwachukia watu wote, na wa kwanza ni mimi niliyecheka.

Juzi nilikwenda mwenyewe kwenye dirisha la mapokezi. Nikashika kiuno, nikayasema maneno yote bila kupepesa. Karani akaandika, nikaingizwa chumbani, na dakika kumi hazikuisha nikawa nimepimwa. Majibu yalitoka jana. Niko safi. Nikapanda ngazi kwenda wodini, maana hospitali ni hiyohiyo.

Jicho alikuwa macho, uso umemwisha. Nilimwambia nimepimwa na hawakukuta kitu. Akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Furaha yake iliniuma kuliko kama angenitukana.

"Uliwaambia unaumwa nini?"

Nilitaka kumdanganya, mimi niliyedanganya dirishani bila haya, lakini wifi yangu hadanganyiki.

"Niliwaambia unavyoumwa wewe. Vyote."

Aligeukia ukuta. Nilidhani amekasirika, nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Kisha akanishika mkono, akanivuta karibu na mto.

"Binti yangu mkubwa anatimiza thelathini mwakani," akasema. "Mfundishe kusema hivyohivyo. Asiache hata kimoja."